Mninga Chini ya Rangi

Kazi huanza kwa kipande cha kioo. Fundi hukishika kwa kidole gumba na vidole viwili, akakilaza kidogo, akakivuta kuelekea kifuani, na rangi hung'oka kwa maganda membamba kama ya kitunguu. Kabati lililo mbele yake limepakwa bluu ya mafuta. Chini ya bluu kuna kijani, ile ya kuta za zahanati za zamani. Chini ya kijani kuna vanishi iliyozeeka hata ikageuka rangi ya asali. Fundi huchovya kidole kwenye kopo la maji, akapangusa pale alipokwangua, na mwenye kabati hunyamaza. Mbao nyekundu yenye mistari ya kahawia inang'aa kana kwamba imepasuliwa jana.

"Huu ni mninga, mama," fundi husema. "Nani aliwaambia muupake rangi?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike historia hii. Kakese ni kata ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, nchi ya mpunga iliyozungukwa na misitu ya miombo. Ukiingia nyumba za huko utakuta vitanda, meza na makabati yaliyorithiwa, mengi yakiwa yamepakwa rangi mara mbili, mara tatu, kila kizazi na ladha yake. Anayejua kuyasoma matabaka hayo ataiona historia ya Katavi nzima, tangu enzi za watemi na misafara hadi reli, mgodi na mbao za paini.

Tuanze na mti wenyewe. Mninga hauna haraka. Mche wake huchipua wakati wa mvua, kiangazi kikija sehemu ya juu hukauka au huungua kwa moto wa msituni, na mvua zikirudi unachipua tena. Hufanya hivyo miaka mingi huku mizizi ikinenepa chini ya ardhi, mpaka siku moja shina linapata nguvu ya kuukimbia moto na kupanda juu. Kufikia unene wa kupasuliwa mbao nzuri huchukua miaka inayokaribia mia. Ukiukata gome unatoa utomvu mwekundu kama damu, na ndiyo maana wazee wengi wa nchi za miombo waliuheshimu na kuutumia kama dawa na kama rangi. Moyo wa mbao yake hausumbuliwi sana na mchwa, haupindi ukikauka, na hupokea randa vizuri. Fundi akiunga kiungo cha ulimi na tundu kwenye mninga mkavu, kiungo hicho kitamzika yeye na mwanawe.

Kwa hiyo samani ya mninga haifi kwa kuoza. Kinachokufa ni ngozi yake, yaani mafuta, nta, vanishi au rangi iliyopakwa juu. Mafundi wamekuwa wakiishughulikia ngozi hiyo tangu zamani.

Kabla ya msumeno kufika, kiti kilichongwa kutoka kwenye gogo moja kwa shoka na tezo. Kigoda cha miguu mitatu kilikuwa samani ya kila nyumba, na kwa watemi ufundi huo ulipanda daraja. Katika makumbusho ya Berlin kuna kiti cha enzi kilichotoka Buruku, Unyamwezi, jirani zetu wa kaskazini: kigoda cha miguu mitatu chenye egemeo refu, na juu ya egemeo hilo umbo la mtu limechongwa likajitokeza, vyote kwenye kipande kimoja cha mti. Kilichukuliwa zama za Wajerumani. Ukikitazama hata kwenye picha utaona mng'ao ambao hauletwi na kopo la dukani. Ni mng'ao wa kusuguliwa, kupakwa mafuta na kukaliwa.

Na kusugua huko kulikuwa na chombo chake. Msasa, kabla ya kuwa karatasi yenye mchanga inayouzwa kwa namba, ni mti. Majani yake yana ukwaruzo kama ulimi wa ng'ombe, na mafundi waliyatumia kulainishia vigoda, vinu, mipini na miiko. Karatasi ya kizungu ilipokuja, Waswahili hawakuhangaika kuitafutia jina. Waliiita kwa jina la jani walilolizoea. Leo mwalimu anayepelekwa semina husemwa kwamba amekwenda kupigwa msasa, na wachache wanaotamka hivyo wamewahi kulishika jani lenyewe.

Rangi nayo ilikuwepo. Ndugu wa mninga aitwaye mkurungu, ambao unastawi katika misitu ya magharibi mwa Tanzania hadi Zambia na Kongo, mbao yake husagwa ikatoa unga mwekundu. Unga huo ukichanganywa na mafuta ulipakwa mwilini na kwenye vinyago katika nchi nyingi za upande ule wa Ziwa Tanganyika. Kupamba mti kwa rangi, basi, si jambo lililoletwa na meli. Kilicholetwa ni ladha nyingine na majina mengine.

Pwani, ufundi wa samani ulikwisha pevuka. Kitanda kilikuwa na viungo vyake vyenye majina: matendegu ya kusimamia, mifumbati ya ubavuni, vitakizo vya kichwani na miguuni. Matendegu yalikerezwa, yakapakwa lakiri nyekundu, nyeusi na njano, kwa mtindo uliovuka bahari kutoka India. Lakiri hutokana na wadudu wadogo wa India wanaofunika vitawi vya miti kwa gamba gumu. Gamba hilo likisafishwa hupakwa mti ukiwa unazunguka kwenye mashine ya kukereza, joto la msuguano likaliyeyusha na kulishika palepale. Hakuna brashi inayoweza kuacha uso laini namna ile. Maneno mengi ya karakana yetu, kama rangi, samani na randa, yamepitia njia hizohizo za Uajemi na India, na meza ikaja na Wareno. Seremala wa Kakese akitaja vifaa vyake anataja bahari ambayo huenda hajawahi kuiona.

Njia ya misafara ilipoingia bara hadi Tabora na Ujiji, ladha ya pwani ilifuata. Pale Kwihara, karibu na Tabora, tembe alilokaa mmisionari Livingstone limehifadhiwa. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Stanley, akikwepa vita vya mtemi Mirambo, aliacha njia ya kawaida ya kwenda Ujiji akazunguka kusini kupitia Ukonongo, nchi ambayo leo iko ndani ya Katavi. Alikuta misitu na mizinga ya asali. Miaka minane baadaye, 1879, Wabelgiji walijenga kituo Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, na 1885 kituo hicho kikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers. Misheni haiishi bila mabenchi, milango na makabati ya mavazi ya misa, na palipo na mahitaji hayo hapakosi benchi la seremala. Mbao zilipasuliwa kwa msumeno mrefu wa watu wawili juu ya shimo, mmoja amesimama juu ya gogo, mwenzake chini akipokea vumbi machoni. Kazi hiyo ya shimo iliendelea katika misitu yetu miongo mingi baadaye.

Hapa lazima niseme neno juu ya nta, maana historia ya kung'arisha samani haiwezi kuiacha nje, hasa ikisimuliwa kutoka Katavi. Misitu ya miombo ya Tabora na Mpanda ni nchi ya nyuki. Inyonga, hukohuko Katavi, hadi leo jina lake linaenda na asali. Lakini kwa muda mrefu, katika biashara ya nje, nta ndiyo iliyosafiri mbali. Tangu zama za Wajerumani, halafu Waingereza, nta ya Tanganyika ilikwenda Ulaya, na huko moja ya kazi za nta ilikuwa kung'arishia samani na sakafu za mbao. Huyeyushwa, ikachanganywa na tapentaini, ikapakwa kwa kitambaa, ikaachwa ikauke, kisha ikasuguliwa kwa nguvu. Haifichi mti, huuamsha tu. Inaniuma kidogo kwamba sisi wenye nta tulikuja kununua kopo la polishi kutoka kwa walionunua nta yetu.

Katika miaka ya 1930 madini ya risasi yaligunduliwa Mpanda, na baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni ya Uruwira Minerals ikaanzisha mgodi mkubwa. Ili mzigo utoke, ilijengwa reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda, kiasi cha kilomita 210 kupita katikati ya msitu, ikakamilika karibu na mwaka 1950. Reli ndiyo iliyoifanya Mpanda kuwa mji. Ilipeleka risasi na mbao, ikaleta bati, saruji, misumari, vanishi na rangi za makopo.

Samani za zama hizo unazitambua hata leo. Ofisi na nyumba za watumishi wa serikali zilipewa meza nzito, viti vya mikono mipana na makabati yasiyo na mapambo, vya mninga au mvule, vilivyojengwa kana kwamba vitahamia vitani. Vilimaliziwa kwa polishi ya lakiri iliyoyeyushwa kwa spiriti, ikapakwa kwa donge la kitambaa kwa mizunguko midogomidogo, tabaka juu ya tabaka, au kwa vanishi ya mafuta. Seremala wa kijijini aliviangalia, akaenda nyumbani akaiga. Ndivyo kochi la mbao lenye mito ya kutolewa, pamoja na kabati la vyombo lenye milango ya kioo, vilivyoingia katika nyumba za kawaida, vikavikwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa na mama wa nyumba.

Mgodi ulifungwa 1960. Mji ukapoteza mshahara wake mkubwa, reli ikabaki. Mwaka uliofuata Uhuru ukaja, na kwa namna yake nao ulikuja na rangi. Shule, zahanati na ofisi zilipakwa, na rangi ya mafuta ikawa alama ya usafi na maendeleo. Dawati lililopakwa lilioshwa kwa maji na sabuni. La vanishi lilionekana la kizamani. Nyumbani mambo yakawa yaleyale. Kabati la mninga la baba likapakwa kijani kwa sababu kijani ilikuwa mpya na mninga ulikuwa kila mahali. Siwalaumu wazee. Mtu anayeishi ndani ya msitu wa mninga hana sababu ya kumwonyesha mgeni mistari ya mninga.

Ila rangi hizo zilikuwa na siri, na siri hiyo ni ileile iliyochimbwa Mpanda. Kwa karne nyingi rangi bora nyeupe duniani ilitengenezwa kwa risasi. Njano ya kromi ilikuwa na risasi, na kijani nyingi zilitokana na njano hiyo ikichanganywa na bluu. Risasi ilifanya rangi ikauke haraka na idumu. Pia iliwaua mafundi rangi pole kwa pole: tumbo kukaza, mikono kulegea, akili kufifia. Hatari hiyo haikuwa ngeni. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha huko Geneva mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo, lakini nchi nyingi ziliendelea kuitumia. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumbani zenye risasi mwaka 1978 tu. Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanapendekeza rangi isizidi sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni.

Hili linamhusu moja kwa moja fundi anayekwangua kabati Kakese. Tabaka lile la kijani anapolipiga msasa mkavu, vumbi lake linaingia puani na kutua kwenye sufuria za jirani. Mtoto anayecheza chini ya benchi huokota ganda la rangi akalitia mdomoni, na ganda la rangi ya risasi lina utamu. Kwa kuangalia tu huwezi kujua lipi lina risasi na lipi halina. Rangi yoyote ya zamani ichukuliwe kuwa nayo. Ilowanishwe kabla ya kukwanguliwa, isichomwe kwa moto, maganda yakusanywe kwenye gazeti, na watoto wapelekwe mbali. Hayo hayaongezi gharama.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikosa karibu kila kitu, na kopo la rangi lilikuwa miongoni mwa vitu hivyo. Mafundi walirudi kwenye akili zao. Rangi ya viatu ikapakwa kwenye mikono ya viti, kama wanavyofanya wachonga vinyago kwa ajili ya weusi na mng'ao. Oili chafu ya magari ikapakwa kwenye nguzo na miguu ya vitanda kuzuia mchwa. Nta ikarudi, na mawese pia, kwa waliokaa karibu na ziwa. Ukilikuta leo kabati lisilo na rangi ya miaka hiyo, mara nyingi limepona kwa sababu ya uhaba.

Na tusiseme kwamba rangi ni adui wa uzuri. Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyekuwa akitafuta riziki Dar es Salaam, alianza kuchora wanyama kwenye vipande vya mbao za kubana kwa rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli. Alikufa 1972, akiwa na takriban miaka arobaini, lakini mkono wake uliacha shule nzima. Wafuasi wake waliitoa sanaa hiyo kwenye vibao wakaipeleka kwenye vigoda, sinia na migongo ya viti. Uso hupakwa kwanza rangi moja ya chini, ukaachwa ukauke kabisa, kisha ndege na chui wakachorwa bila mchanganyiko mwingi wa rangi, mstari mweusi ukamalizia. Kigoda cha mti laini kilichopakwa hivyo kinapata thamani ambayo mti wake usingekipa.

Hapo ndipo ulipo mpaka, kwa maoni yangu, na mafundi wengi wazuri nilioongea nao wanauona palepale. Mti laini unahitaji rangi, mninga hauihitaji.

Mti laini umekuja kwa wingi. Kadiri mninga ulivyopungua na kupanda bei, mbao za paini kutoka mashamba ya miti kama Sao Hill, Mufindi, ziliingia hata kwenye karakana zilizozungukwa na miombo. Paini ni nyeupe, ina mafundo, inameza vanishi hapa na kuikataa pale. Fundi stadi huiziba kwa sila, akaipaka rangi ya udongo mwekundu iliyopauka, kisha kabla tabaka la pili halijakauka akapitisha brashi kavu au kitana kwa mkono unaotikisika kidogo, na mistari ya mninga ikajitokeza juu ya paini. Niliwahi kupita mlango wa namna hiyo mara tatu kabla ya kugundua. Ni ufundi halali na mzuri, mradi mteja aambiwe anachonunua.

Mninga wenyewe sasa unalindwa kwa sheria za mbali na za karibu. Tanzania ilizuia kusafirisha magogo nje ya nchi mwaka 2004. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, uliuweka mkurungu kwenye orodha yake mwaka 2019, na mwaka 2022, katika mkutano wa Panama, jamii yote ya mininga ya Afrika ikafuata. Mti ambao babu aliuona kama kuni za uani sasa unahitaji karatasi kuvuka mpaka. Mkoa wa Katavi ulipozaliwa 2012, ukitoka ubavuni mwa Rukwa, tayari lori la mbao barabarani lilikuwa jambo la kusimamishwa na kukaguliwa.

Ndiyo maana kabati lile la bluu lina maana kuliko zamani. Mbao zake zilikatwa kwenye mti ulioota kabla Wajerumani hawajafika. Kulirudisha hakuhitaji mashine. Bawaba na vitasa hufunguliwa, skrubu zikawekwa kwenye kopo moja zisipotee. Rangi hulowanishwa na kukwanguliwa kwa kioo au kwa bapa la chuma, kufuata mistari ya mbao, si kuikata. Msasa huanza namba 80, ukapanda kwenda 120, ukamalizia 220, na kila namba huondoa mikwaruzo ya ile iliyotangulia. Anayeruka namba ataiona aibu yake vanishi ikikauka. Nyufa huzibwa kwa vumbi la mninga uleule lililokandwa na gundi, ili kiraka kisipige kelele. Kisha sila, msasa mwepesi, na vanishi mara mbili au tatu nyembamba badala ya mara moja nzito. Au nta, kwa mwenye subira, na nta ya Inyonga haina mpinzani.

Kazi hiyo huchukua siku nne au tano, kwa sababu kukauka hakuharakishwi. Mafundi hawaipendi sana, maana wateja hulipa kitu kipya kwa moyo mweupe na kitu kilichorudishwa kwa manung'uniko. Wateja ndio wenye makosa. Kabati jipya la mbao zilizosagwa na kubandikwa, linalokuja limefungwa kwenye boksi, huvimba miguu masika ya kwanza likiguswa na maji. La mninga likikwanguliwa vizuri litafika kwa wajukuu.

Kwa hiyo wewe uliye Kakese, Mpanda au Keko Dar es Salaam, kabla hujalitoa kabati la marehemu bibi kwa bei ya kuni, geuza droo moja chini juu. Upande wa chini wa droo kwa kawaida haukupakwa rangi. Tazama hapo kwanza.